Maji si mzigo, hata juu ya gurudumu moja



Katika kikao cha mwisho cha chama chetu lilitolewa pendekezo ambalo sisi tunaoliangalia kundi la baiskeli za gurudumu moja hatuwezi kulinyamazia. Imependekezwa kwamba kanuni yetu ya kila mpandaji kubeba maji yake mwenyewe anapokwenda milimani ifutwe, na badala yake kila mtu "aamue mwenyewe". Kura itapigwa mwezi ujao. Tunaandika kulipinga, na tunaandika kwa urefu kwa sababu waliolitoa si wajinga. Ni vijana wenye akili zao, na hoja zao zimeanza kuwaingia hata wazazi.

Kwanza maneno machache kwa wale ambao bado wanadhani baiskeli ya gurudumu moja ni kitu cha sarakasi tu. Watoto wetu kadhaa waliijua hukohuko, katika vyama vya michezo ya sarakasi vya vyuo vikuu vya hapa Uingereza, lakini baadaye waliitoa ukumbini wakaipeleka kwenye mawe. Si wao walioanzisha. Watu kama George Peck kule Seward, Alaska, na Kris Holm kule Vancouver, Kanada, walikwisha kuonyesha miaka mingi iliyopita kwamba chombo hiki kinaweza kupita mahali ambapo hata mwenda kwa miguu hutazama anapokanyaga. Sisi wa Sheffield tunayo Peak District mlangoni petu, na kila Jumamosi nyingine tunakwenda.

Chombo chenyewe ni rahisi: tairi moja nene, fremu fupi yenye umbo la uma, kiti chenye mpini mbele, na pedeli zilizofungwa moja kwa moja kwenye habu. Hakuna mnyororo, na zilizo nyingi hazina gia. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba miguu haipumziki. Mwenye baiskeli ya kawaida akifika kwenye mteremko huacha kukanyaga, magurudumu yakajiendea yenyewe, naye akanyoosha mkono akachukua chupa yake akanywa. Wa gurudumu moja hana mteremko wa bure. Akipanda anasukuma, akishuka anazuia. Mkono mmoja umeshika mpini wa kiti, wa pili unapepea hewani kutafuta mizani. Na fremu yake haina mahali pa kufungia chupa, maana mapaja yanapita hapohapo. Kwa hiyo maji hayana pa kukaa isipokuwa mwilini mwa mpandaji. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wetu, na ndiyo wanayoitegemea zaidi, ni kwamba maji yanaharibu mizani. Eti anayepanda gurudumu moja akiwa na begi mgongoni ni sawa na mtu anayetembea juu ya kamba huku amebeba gunia. Hoja hii inapendeza masikioni. Lakini mizani ni suala la hesabu, na sisi hesabu ndiyo kazi iliyotulisha kwa miaka thelathini, kwa hiyo tuipige.

Tumchukue mpandaji wa kilo 75. Akiwa ameketi juu ya gurudumu la inchi 26, kitovu cha uzito wake kiko kama mita 1 na robo kutoka ardhini. Tumbebeshe lita 1 na nusu ya maji, yaani kilo 1 na nusu, juu kabisa katikati ya mabega, mahali pabaya kuliko pote. Kitovu cha uzito kinapanda kwa nusu sentimita. Kwa kuwa mfuko uko nyuma ya mwili, kinarudi nyuma pia, kwa chini ya nusu sentimita. Basi. Maji hayohayo ukiyashusha kiunoni, hata hiyo nusu sentimita ya juu inatoweka.

Sasa linganisheni na kitu ambacho kila mpandaji hukifanya bila kufikiri. Mkono mmoja wa binadamu una takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili, yaani karibu kilo 4. Ukiunyoosha pembeni, kitovu cha uzito wako kinasogea kwa zaidi ya sentimita moja. Vijana wetu wanapunga mkono huo mara kadhaa katika kila dakika na hawaanguki. Kwa kweli wanaupunga ili wasianguke. Kisha wanatuambia kwamba nusu sentimita ya maji, ambayo haipungi wala haibadiliki ghafla, ndiyo itakayowaangusha!

Na tena maji hayo hayakai mgongoni siku nzima. Kila funda unalokunywa linahama kutoka mfukoni na kuingia tumboni, karibu kabisa na kitovu chenyewe. Sijapata kusikia kijana akilalamika kwamba chai na mkate alivyokula asubuhi vimemharibia mizani.

Hata hivyo, tuseme ukweli: kuna kitu wanachokihisi, nacho si cha kubuni. Wanachokihisi si uzito wa maji bali mchezo wa maji. Chupa iliyojaa nusu ndani ya begi la shule linaloning'inia ni adui mkubwa. Ukigeuza kiwiliwili kushoto ili upinde kona, begi linabaki nyuma, kisha linakuja kukupiga wakati wewe umekwisha kumaliza kugeuka. Maji ndani ya chupa nayo yanafanya vilevile kwa hesabu yake. Kwa anayeongoza chombo kwa kiuno na mabega, hilo ni balaa. Lakini dawa ya mzigo unaocheza ni kuufunga. Kuuacha nyumbani si dawa.

Jambo hili si geni kwetu. Wako akina mama wanaopanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani, kilo 20 juu kabisa ya mwili, na hawamwagi. Hutia majani au kisahani juu ya maji ili yasipige mawimbi. Wahandisi wa magari ya mafuta hufanya jambo hilohilo kwa kuweka kuta ndani ya tangi, na huko vyuoni tulikosomea tulilipwa alama kwa kulieleza kwa ishara za hesabu. Na mbeleko je? Mtoto wa kilo 8 anafungwa mgongoni, mama analima, anainama, anainuka, naye mtoto amelala. Hafungwi kama mkoba wa kuning'iniza. Anabanwa mpaka anakuwa sehemu ya mgongo.

Basi fungeni maji kama mbeleko. Mfuko laini wenye mrija, ambao wazee wetu wangeuita kiriba bila kusita, ulibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 na Michael Eidson, aliyetia mfuko wa dripu ya hospitali ndani ya soksi na kuubeba mgongoni katika mbio za baiskeli za maili 100 kwenye joto la Texas. Uzuri wa kiriba hiki ni kwamba unaweza kukinyima hewa. Kijaze, kifunge, kigeuze chini juu, kisha vuta kwa mdomo hewa yote iliyobaki kupitia mrija. Kisicho na hewa hakina mawimbi, na kadiri unavyokunywa ndivyo kinavyosinyaa. Kifunge kwa mkanda wa kifua na mkanda wa kiuno, kigande. Mrija upitishe upande wa mkono usioshika mpini. Asiye na fedha za kiriba atwae chupa mbili laini za nusu lita na moja ya akiba, azikunje ndani ya khanga kuukuu na kuifunga kiunoni, chupa zikae ubavuni. Zisikae mbele, maana mapaja yatazigonga, wala zisikae katikati ya uti wa mgongo, maana anayeanguka chali juu ya chupa ngumu atajuta.

Hoja ya pili ni kwamba Uingereza ni baridi. "Hapa si Dodoma," alisema mmoja wao kikaoni, na watu wakacheka. Sisi hatukucheka. Tarehe 19 Julai 2022 kipimo cha Coningsby, Lincolnshire, kilisoma nyuzi 40.3 za Selsiasi, na Lincolnshire si mbali na hapa. Julai 2013 askari watatu wa akiba walipoteza maisha kutokana na joto walilolipata katika matembezi ya majaribio kwenye milima ya Brecon Beacons, Wales. Hatusemi kwamba walikosa maji. Mambo mengi yalikwenda kombo siku ile. Tunasema kwamba walikuwa vijana, walikuwa na mazoezi kutupita sisi sote, na mlima uliowaua uko katika nchi hii hii tunayoambiwa ni baridi.

Hata siku ya baridi ya kweli, misuli inayosukuma na kuzuia bila kupumzika hutengeneza joto, na joto hutoka kwa jasho. Tofauti ni kwamba chini ya koti jasho hulioni, na kwenye upepo wa Februari kiu huchelewa kubisha hodi. Wakati wa baridi tatizo la maji si kwamba hayahitajiki, ni kwamba yanaganda ndani ya mrija. Dawa yake nayo ni ndogo: ukimaliza kunywa, puliza maji yaliyomo mrijani yarudi mfukoni.

Hoja ya tatu ina sura mbili: "mito ipo" na "wenzetu wapo".

Tuanze na mito. Anayesema mito ipo hajaitazama ramani ya mawe ya Peak District. Upande wa kusini, ule wa mawe ya chokaa, maji hayakai juu ya ardhi. Mto Manifold na mto Lathkill, yote miwili, huzama chini ya ardhi wakati wa kiangazi, ukabaki unatazama kitanda cha mawe makavu. Kwenye upande wa mawe ya mchanga vijito vipo, lakini juu ya kila kijito kuna kondoo, na anayekunywa penye kondoo bila kuchemsha wala kuchuja anajitafutia siku tatu za chooni. Zaidi ya hayo, milima ya Derbyshire ilichimbwa madini ya risasi kwa karne nyingi, na risasi haiondoki kwa kuchemsha. Ukiwa juu ya Stanage, magharibi yako liko bonde la bwawa la Ladybower, lililofunguliwa mwaka 1945, ambalo hunywesha miji mizima. Maji hayo yanapitia mitambo ya kusafishia kabla ya kufika kwenye bomba la jikoni mwako. Na jikoni mwako ndiko mahali pa kuyachotea, asubuhi, kabla ya kutoka. Ni safi, na hayana haja ya kununuliwa dukani.

Sasa wenzetu. Hapa tunawaomba wazazi wasome polepole, kwa sababu hili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Agosti iliyopita, kwenye njia ya Houndkirk, kijana mmoja alikuja mtupu, bila hata chupa. Hatumtaji, na hakuna haja. Ilikuwa siku ya jua. Ilipofika saa saba mchana midomo yake ilikuwa imekauka na alikuwa anaanguka kila baada ya hatua kumi, yeye ambaye kwa kawaida hutupita sote. Wenzake watatu walimgawia, kama inavyopasa. Matokeo yake ni kwamba badala ya mmoja mwenye kiu walirudi wanne wenye kiu, wawili kati yao wakiumwa kichwa, na msichana aliyetoa zaidi kuliko wote ndiye aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye mteremko wa mwisho. Kama kiu ndiyo iliyomtegua hatuwezi kuapa. Tunachojua ni kwamba alikuwa amebeba maji yake kwa hesabu yake, na hesabu hiyo ilivunjwa na mtu mwingine.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Anayesema "kila mtu aamue mwenyewe" anasahau kwamba milimani uamuzi wa mmoja hulipiwa na wote. Hakuna kati yetu atakayemnyima mwenzake maji. Mila zetu hazituruhusu, na tusingetaka zituruhusu. Kwa sababu hiyohiyo anayekuja bila maji hajaamua mambo yake peke yake. Amekwisha kutia mdomo kwenye chupa ya mwenzake tangu alipofunga mlango wa nyumba yao. Uhuru wa namna hiyo ni deni unalomwekea mtu ambaye hakuulizwa.

Tukiwajibu vijana hatuna budi kuwageukia na baadhi ya wazazi, kwa sababu wao wameteleza upande wa pili. Wako wanaotutaka tuweke sharti kwamba kila mtoto anywe lita nzima kila saa, apende asipende. Wanaitoa wapi? Wanaitoa katika ushauri wa zamani. Mwaka 1996 taasisi ya tiba ya michezo ya Marekani, American College of Sports Medicine, ilitaja kiasi cha mililita 600 hadi 1200 kwa saa katika mazoezi marefu, na matangazo ya wauza vinywaji yakalichukua neno hilo na kulikuza. Kisha ikaonekana kwamba kunywa kupita kiasi nako kunadhuru. Wataalamu waliwapima damu wakimbiaji 488 wa mbio za Boston za mwaka 2002, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu, wengi wa hao wakiwa wamekunywa mno hata wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Mwanamke mmoja alifariki katika mbio zilezile. Mwaka 2007 taasisi hiyo ilitoa msimamo mpya: kila mtu ana jasho lake, apimwe kwa mwili wake, asinywe hadi kuongezeka uzito, wala asipoteze zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake.

Hebu itazameni tena hiyo asilimia 2. Kwa mtu wa kilo 75 ni kilo 1 na nusu, yaani maji yaleyale tuliyombebesha katika hesabu yetu ya mwanzo. Kilo hiyo moja na nusu utaibeba au utaipoteza. Ukiibeba, inakugharimu nusu sentimita. Ukiipoteza, inakugharimu nguvu za miguu na wepesi wa kufikiri, vitu viwili ambavyo gurudumu moja halisamehi.

Kwa hiyo hatutaki kufuta kanuni, wala hatutaki sharti la lita kwa saa. Tunataka kanuni ibaki na ifafanuliwe, iwe hivi.

Kwanza, kila mpandaji, mkubwa kwa mdogo, abebe maji yake mwenyewe: lita moja kwa safari ya saa mbili, lita 1 na nusu hadi 2 kwa safari ya nusu siku, na zaidi siku ya joto.

Pili, maji yafungwe yasicheze. Kiongozi wa safari amtikise kila mtu kabla ya kuondoka. Likisikika la kucheza, lirekebishwe hapohapo kwenye maegesho.

Tatu, kunywa ni kwa kiu, na nafasi ya kunywa ipatikane. Kwa kuwa kwenye mawe huwezi kunywa ukiwa juu ya chombo, kundi lisimame kila penye geti au njia panda. Mmoja wetu aliwahi kupendekeza kwamba mtu anywe kila anapoanguka, lakini kwa wanaojifunza hayo yangekuwa mafuriko.

Nne, kila mmoja ajipime uzito nyumbani kabla na baada ya safari mbili tatu. Kilo iliyopungua ni takriban lita ya maji uliyokuwa na deni nayo. Baada ya hapo atajua kiasi chake mwenyewe, naye hatahitaji kuambiwa na mzazi, na sisi, na tangazo la biashara.

Tano, ambaye siku hiyo hawezi kunywa, awe amefunga saumu au ana sababu ya tabibu, asipande milimani mchana huo. Njia tambarare ya jioni, baada ya futari, ipo, nasi tutaandamana naye kwa furaha.

Na asiyekuja na maji? Asipande. Hatumfukuzi, gari lina nafasi, na bomba halikosekani kijijini. Arudi ajaze, tutamngoja. Tumewangoja watu kwa mambo madogo kuliko hayo.

Vijana wetu wanajivunia, na wana haki, kwamba wamejifunza kusimama juu ya kitu kisichosimama. Hilo huchukua miezi. Kujifunza kufunga maji mgongoni huchukua alasiri moja. Tunawaomba wenye kura waje kikaoni mwezi ujao, na waliotoa pendekezo waje na hesabu zao, siyo na vichekesho vya Dodoma. Sisi tutakuja na mizani ya jikoni, kiriba kimoja kilichojaa na baiskeli moja. Anayedai kwamba maji yanamwangusha atapanda mbele ya kikao, nacho mgongoni na bila nacho, na macho ya watu yatahukumu.

Wasalaam.